Pancha njiani, bao la jioni Kambarage

KAMA hujawahi kwenda kutazama mechi Uwanja wa CCM Kambarage pale Shinyanga, basi kuna kitu hujakiona. Dar es Salaam shabiki anashuka kwenye daladala au bajaji, ananyoosha jezi yake na kuingia. Shinyanga watu wanakuja kwa baiskeli. Zinaegeshwa nje ya uwanja kwa safu, zimeegemeana kama ng'ombe kwenye josho, na ukiangalia vizuri utaona nyingi zina karia pana yenye mto, maana siku ya mechi baiskeli ya Usukumani haiji na mtu mmoja.

Mji huu ndiyo huu ambao ukisema "daladala", kwa miaka mingi mtu hakuwazia basi dogo la abiria. Aliwazia kijana wa baiskeli anayekupakia nyuma na kukufikisha mahali. Bodaboda zimekuja na kuchukua abiria wengi, ila baiskeli haijafa. Ardhi ni tambarare, mtu anapiga pedeli mwendo mrefu bila kuhema, na hakuna haja ya kuwaza bei ya mafuta.

Sasa katika umati huo wa baiskeli kuna kundi moja ambalo kamera za televisheni hazina habari nalo. Ni wazee, mume na mke, baiskeli moja. Hawaimbi, hawapigi vuvuzela na hawapandi juu ya uzio. Wanakuja polepole, wanakaa upande wenye kivuli, wanatazama mpira mpaka filimbi ya mwisho kisha wanarudi kijijini. Kwenye hesabu za mapato ya mlangoni wao ni tiketi mbili tu. Ila safari yao ya kufika pale ni mechi nyingine kabisa.

Chukua wawili wa namna hiyo, kutoka upande wa Kolandoto, kilomita kumi na kitu kutoka mjini. Majina yao hayana kazi hapa kwa sababu wapo wengi, kila kijiji kina wa kwake. Mzee amepita miaka 60, na baiskeli yake ni Phoenix ya miaka mingi, ile nyeusi ngumu ambayo ukiiangusha unaogopea ardhi. Bibi anakaa kwenye karia, miguu upande mmoja, khanga imefungwa vizuri isije ikaingia kwenye spoki. Mzee ni Yanga tangu enzi za Radio Tanzania, siku ambazo mpira ulikuwa ni sauti ya Ahmed Jongo na Charles Hilary. Bibi hana habari na mambo ya Jangwani wala Msimbazi. Yeye ni Stand United, Chama la Wana, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi pale pale mjini na kupanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014.

Kisha waweke wawili hao kwenye Jumamosi ya Januari 19, 2019. Stand United wanaikaribisha Yanga.

MECHI YENYEWE ILIKUWA HIVI

Kwa aliyesahau, Yanga ya Mwinyi Zahera ilifika Shinyanga siku hiyo ikiwa haijapoteza hata mechi moja ya ligi msimu huo. Haikuwa na hela, wachezaji walikuwa wanadai, kocha mwenyewe alikuwa anatoa fedha mfukoni, lakini uwanjani ilikuwa inapeta tu. Upande wa pili Stand walikuwa wanapambana wasizame. Ila walikuwa na kumbukumbu. Septemba 2018, mechi ya kwanza jijini Dar es Salaam, Alex Kitenge aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake na bado Stand wakalala 4-3. Mtu anafunga matatu ugenini halafu anarudi nyumbani bila pointi. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa Panadol.

Na kulikuwa na kumbukumbu ya zamani zaidi, ya Septemba 25, 2016, bao la Pastory Athanas, Stand 1, Yanga 0, hapo hapo Kambarage. Hiyo bibi anaikumbuka tarehe na jua lilivyokuwa. Mzee ukimtajia anakumbuka kwamba siku hiyo alikuwa na homa.

Kwa hiyo mtu asidhani hawa wanatoka nyumbani kwenda kupunga upepo tu. Kilomita kumi na kitu za kukaa mgongo kwa kifua, wawili wenye timu mbili, na kurudi ni hizo hizo. Mmoja wao lazima arudi amenyamaza.

NJIA YA NG'OMBE

Wanaondoka saa saba mchana. Mpira ni saa kumi. Kijana wa bodaboda angecheka, lakini mzee hana haraka na hataki barabara kuu. Lami ya Shinyanga kwenda Mwanza ni nzuri, ila magari makubwa ni mengi, na upepo wa lori ukikupita karibu unaihamisha baiskeli na bibi wake mpaka majanini. Vijana wa mashindano wanaweza kuikimbiza barabara hiyo. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mbio za baiskeli za Mwanza zilizodhaminiwa na Vodacom, zenye wanaume, wanawake na hata walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu, na kanda hii ilitoa wapiga pedeli wa kweli. Lakini hao walifungiwa barabara. Mzee hafungiwi barabara na mtu yeyote, kwa hiyo anakata kushoto na kushika njia ya ng'ombe.

Njia hizi ndiyo raha ya safari. Nyembamba, zimekanyagwa na kwato mpaka zikawa laini kama sakafu, zinapita katikati ya mashamba ya pamba na mahindi, zinapinda zinapotaka. Kila anayepishana nao anasalimiwa. "Mwadila mayu." "Mwadila baba." Mzee anapunguza mwendo kwa kila salamu kwa sababu huku kumpita mtu bila kumjulia hali ni kama kumtukana. Mahali pengine wanasimama kabisa, wanaulizana habari za mvua na watoto. Mpira upo, hautakimbia.

Bibi nyuma anazungumza mambo yake. Anataja nani ameuza mbuzi, nani mwanawe amekwenda Geita machimboni na hajapiga simu tangu Krismasi. Mzee anaitikia kwa "eeeh" kila baada ya mita kumi. Usimlaumu, kupakia mtu kwenye Phoenix na kuchangia maongezi kwa wakati mmoja si kazi ndogo.

Halafu njia inaingia kwenye ngitili.

Asiyejua ngitili ni nini, ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga msimu wa mvua ili majani na miti ipumue, ng'ombe waje kula wakati wa kiangazi. Ni desturi ya zamani, na ilikaribia kupotea. Shinyanga ilifyekwa sana, mapori mengine yakiondolewa enzi za mkoloni kuua mbung'o na mengine yakipisha pamba, mpaka miaka ya 1980 watu wakawa wanaiita jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na badala ya kuleta mambo ya ajabu wakawaambia wazee warudishie ngitili zao. Miti ikarudi, kuni zikarudi, na ndege pia.

Ila na miiba ikarudi. Mgunga hauna adabu. Unadondosha kijiti kikavu chenye mwiba mrefu mweupe katikati ya njia, na kijiti hicho hakina ubaya na mtu yeyote mpaka apite mwenye baiskeli.

TAIRI LA MBELE

Haikulii mlio mkubwa kama kwenye sinema. Inalia "psss" ndefu, kama mtu anayemwita mwenzake kwa siri. Mzee anasikia, anadhani ni nyoka, anakunja usukani. Mbele kuna kidimbwi, ni mwezi wa mvua huo, na udongo wa mbugani ule mweusi ukilowa unateleza kama sabuni na kunata kama ulezi. Gurudumu la mbele limekwisha upepo, linakwenda linakotaka. Baiskeli inalala upande wa kulia taratibu sana, unaweza ukahesabu mpaka tatu.

Bibi, aliyekaa miguu upande wa kushoto, anateleza kutoka kwenye karia na kukaa chini kwenye tope kwa heshima zote. Mzee anaangukia kiwiko. Phoenix inawalalia miguuni.

Kimya kidogo.

"Umeumia?" anauliza mzee.

"Wewe umeumia?"

"Kiwiko."

"Mimi khanga."

Hiyo ndiyo ripoti nzima ya daktari wa timu. Kiwiko kimechubuka, kinatoa damu kidogo, bibi anakifuta na ncha ya khanga ambayo haijapata tope. Hakuna mfupa uliovunjika. Kwa umri wao hiyo ni sare ya ugenini, unaichukua na kushukuru.

Shida ni nyingine. Pampu imebaki nyumbani. Gundi na viraka vimebaki nyumbani, ndani ya mfuko ule ule ambao bibi aliuliza asubuhi kama umeshauchukua na akajibiwa "tayari". Hapo kuna mashabiki wa rika lote watakaoelewa jinsi mzee alivyotazama chini.

Fundi wa karibu yupo njia panda, mwendo wa kilomita tatu hivi. Wanakokota. Mzee anashika usukani, bibi anasukuma kwenye karia, na tope linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu la nyuma linagoma kuzunguka. Wanasimama, mzee anatoa tope kwa kijiti, wanakokota tena. Saa nane na nusu. Saa tisa. Vijana wanne wa bodaboda wenye jezi za njano na kijani wanawapita wakipiga honi. Mmoja anasimama na kusema, "Babu, panda nikufikishe." Nafasi ni ya mtu mmoja.

Mzee ni Yanga. Yanga haijafungwa msimu mzima. Bodaboda inanguruma mbele yake, na uwanja ni dakika ishirini tu kutoka hapo.

"Nenda mjukuu wangu," anasema. "Nina mtu."

Bibi kasikia. Hasemi kitu, lakini anasukuma kwa nguvu zaidi.

SOKA CHINI YA MWEMBE

Fundi baiskeli ana mwembe, ana beseni la maji, ana spana tatu na redio. Mbele yao kuna mteja mwingine, cheni imekatika. Foleni ni foleni. Ikifika zamu yao fundi anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni na kuizungusha mpaka povu linatoka. Tundu moja. Anazungusha tena. La pili. Kijiti kile kiliingia na kutokea upande wa pili. Anakwangua kwa msasa, anapaka gundi, anapuliza, anasubiri ikauke. Kuziba pancha hakuna njia ya mkato; ukiweka kiraka gundi ikiwa mbichi, utakutana naye kesho.

Na mpira umeanza. Redio inasema hivyo. Kila mtangazaji akipandisha sauti, fundi anaacha kiraka na kuinua kichwa, na kila akiinua kichwa mzee anamwangalia kama kocha anavyomwangalia mwamuzi wa akiba. Yanga wanashambulia. Mzee anatabasamu kwa siri. Stand wanaokoa. Bibi anatabasamu waziwazi. Dakika zinakwenda, hakuna bao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wanaomba kitu kimoja. Mtu asifunge kwanza.

Hapo ndipo mashabiki wa baiskeli wanapotofautiana na wengine. Bao la mapema ni la mwenye gari. Mwenye pancha anaishi kwa bao la jioni.

Wanaingia Kambarage wakati watu wanarudi kutoka mapumziko, yeye ana kiwiko chenye kitambaa, mama ana khanga yenye tope lililokauka. Bado 0-0.

Kilichofuata kipo kwenye kumbukumbu za ligi. Yanga walisukuma, Stand wakaziba, na mechi ikionekana kwenda kuisha kwa sare, Jacob Massawe akafunga kwenye dakika za mwisho. Stand United 1, Yanga 0. Yanga ikapoteza mechi yake ya kwanza ya ligi msimu huo, kwenye uwanja wa timu iliyokuwa inahangaika mkiani.

Upande wa kivuli mzee amekaa kimya akikagua kiwiko chake kama vile ndiyo kwanza kimeanza kuuma. Mama amesimama. Mwanamke aliyeangushwa kwenye tope saa nane mchana anapiga vigelegele mpaka vijana wa jezi za njano na kijani, wale wale wa bodaboda, wanageuka kumwangalia.

WALIPOKWENDA WAKUBWA

Ukiambiwa kwamba timu iliyofunga bao lile ilishuka daraja msimu huo huo utadhani ni utani. Ndivyo ilivyokuwa. Stand walimfunga Mwananchi Januari, na msimu ulipoisha wakaondoka Ligi Kuu. Timu ile ilikuwa imebeba mizigo mingine kabla. Iliwahi kuwa na udhamini mnono wa kampuni ya madini ya Acacia na kocha Mfaransa Patrick Liewig, kisha mwaka 2016 ukazuka mgogoro wa upande wa wanachama na upande wa kampuni, mdhamini akajiondoa. Ukweli usemwe, Chama la Wana halikuuawa na wapinzani wa uwanjani peke yao.

Wakabaki Mwadui, wachimba almasi, waliorejea Ligi Kuu mwaka 2015 chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio'. Hao nao waliwapa watu wa kanda hii siku moja ya kusimulia. Jumatano ya Oktoba 30, 2019, hapo hapo Kambarage, Gerald Mathias aliifunga Simba na mechi ikaisha 1-0, kipigo cha kwanza cha Wekundu wa Msimbazi kwenye ligi msimu ule. Lile lilikuwa bao la kipindi cha kwanza. Waliopata pancha siku hiyo walilisikia kwenye redio ya fundi. Mwaka 2021 Mwadui nao wakashuka.

Upande wa Geita mambo yalikuwa moto zaidi, na kule baiskeli ina kazi ngumu kwa sababu kuna vilima na bodaboda imetawala. Geita Gold ilipanda msimu wa 2021/22 na ikamaliza ya nne kwa kishindo, George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikaondolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mwaka 2024 nayo ikashuka. Mkoa wenye dhahabu, mkoa wenye almasi, na timu tatu zimeshuka ndani ya miaka mitano.

Hasara yake viongozi wanaihesabu kwa shilingi. Wazee wa baiskeli wanaihesabu kwa safari. Simba na Yanga walipokuwa wanafika Shinyanga, kulikuwa na sababu ya kutoka Kolandoto mara kadhaa kwa mwaka, kukata njia ya ng'ombe, kusalimiana na nusu ya kata na kugombana kidogo njiani. Mechi za madaraja ya chini zipo, na tiketi yake ni nafuu, ila wageni wanaofika nazo mzee hawezi kubishana na mkewe juu yao. Anakwenda kwa sababu mama anakwenda.

KURUDI

Jumamosi ile ya Massawe filimbi ilipulizwa ikikaribia saa kumi na mbili jioni. Taa ya dainamo ya Phoenix haiwaki vizuri, kwa hiyo lazima wawe wamevuka ngitili kabla giza halijashika. Mzee anapiga pedeli bila kusema. Bibi naye hasemi, na huo ni ukimya mbaya kuliko kelele, maana kila baada ya mita mia anacheka peke yake na karia inatikisika.

Kwenye kile kidimbwi wanashuka wote wawili na kupita kwa miguu. Alama ya mahali alipokalia bibi bado ipo, imeanza kukauka pembeni. Wanaiangalia. Mzee anainama, anabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Limekaza, kiraka cha fundi kimeshika.

"Panda," anasema.

Bibi hapandi. "Sema kwanza matokeo."

"Moja."

"Moja kwa ngapi?"

"Panda bwana, giza linaingia."